Kwa Nini Shamba Lina Pembe na Kinu Hakina

Anayetafuna ameze, na anayenong'ona na jirani yake anyamaze kidogo. Hadithi hii ina umbeya ndani yake, na umbeya mtamu hausimuliwi mara mbili.

Zamani, kabla bibi za bibi zenu hawajatoga masikio, maumbo haya yote tunayoyaona yalikuwapo duniani, ila hayakuwa na majina. Mtu akitaka kueleza kitu kilivyo, alitumia mikono. Mkeka ulikaa "hivi", kinu kilikaa "hivi", na shamba nalo lilikaa "hivi", kila mtu akinyoosha mikono kadiri ya urefu wake, au kadiri ya tamaa yake. Mahali mpaka ulipogeukia upande mwingine paliitwa mkunjo, basi. Pembe zilikuwa za mbuzi, ng'ombe na swala. Ungesema nyumba ina pembe, watu wangekukimbia.

Katika kijiji cha Kitongani aliishi mjane mmoja, Bi Mashavu. Mumewe alimwachia shamba pana upande wa njia, likawa linapungua upana, linapungua, mpaka ncha yake ikagusa chemchemi bondeni. Maji ya chemchemi hiyo ndiyo yaliyomwagilia mchicha wake, na ndiyo waliyokunywa watoto wadogo wa kijiji, maana mama zao walipokwenda kulima walimwachia yeye awalee. Bila ile ncha shamba lingekuwa vumbi, naye angelazimika kwenda kula kwa shemeji yake. Na mke wa shemeji alikuwa na mdomo! Lakini huyo tumwache, ana watu wake wa kumsema.

Jirani wa Mashavu aliitwa Shebe, mtu wa kucheka na kila mtu. Shebe alikuwa na mbuzi wengi na shamba kubwa lisilo na tone la maji. Kila alipotaka kusogeza mpaka, kwanza alifanya karamu. Alichinja, akapika pilau, akaalika wakubwa wote, akijua kwamba mdomo uliojaa nyama hauna nafasi ya kutoa ushahidi. Watoto yeye aliwapa mchuzi tu. Kumbukeni hapo, kwenye mchuzi.

Siku moja akalima ndani ya shamba la Mashavu, ukanda mzima wa upande wa njia. Mjane akamshitaki kwa Jumbe Mbaruku. Akasema shamba lake limekaa hivi, akanyoosha mikono. Shebe akasema hapana, limekaa hivi, naye akanyoosha yake. Jumbe akatazama mikono hewani, akaona mikono. Akawageukia wazee, wazee wakachokonoa meno. Shebe akaondoka na ukanda wake.

Mashavu alirudi nyumbani bila kulia. Alipopita kwenye jalala la Shebe, akaziona pembe za wale mbuzi wa karamu zimetupwa juu ya majivu. Akasimama. Akatabasamu lile tabasamu la mwanamke aliyepata neno la kumsema mtu. Akachagua tatu zilizo kubwa, akazifutika kwenye kanga, akaenda akachimbia moja katika kila mkunjo wa shamba lililobaki, ile ya mwisho pale penye chemchemi.

Kesho yake akawafundisha watoto mchezo. Wakimbie kutoka pembe hadi pembe, mbio iliyonyooka kama uzi, na kila wakifika waguse na kuhesabu. Walipochoka aliwaketisha, wakapapasa vitu vya nyumbani kwa vidole.

"Mkeka una pembe ngapi?"

"Nne!"

"Shamba la bibi?"

"Tatu!"

"Na kinu?"

Wakakizunguka kinu kwa vidole, wakazunguka, wakazunguka tena, vidole visipate pa kujikwaa. "Hakina, bibi! Kimekatwa pembe!"

Shebe alipoona pembe zile alicheka. Hata hivyo chemchemi haikumtoka rohoni. Akafanya karamu nyingine, kisha akaing'oa pembe ya bondeni. Kwa kuwa hakutaka ionekane imepotea, akakata ncha yote ya shamba, akachimbia pembe mbili mpya huku juu, moja kila upande. Akamwita Jumbe mwenyewe, akasema, "Njoo uone. Mpaka wake huu hapa, na pembe zake zipo."

Jumbe akaja, na kijiji nyuma yake, meno yamejaa nyama. Mashavu akaona maji yake yamebaki ng'ambo. Wazee wakatazama miguu yao. Hapo ndipo akawaita watoto. "Wanangu, mwonyesheni Jumbe shamba la bibi."

Wakakimbia. Tatu. Nne. Binti mmoja mdogo aliyeitwa Sikujua, ambaye jina lake lilimsingizia, akasimama akashika kiuno.

"Hili si shamba la bibi! Huu mkeka!"

Watu wakacheka. Shebe akasema, "Jumbe, utasikiliza watoto? Hawa wanajua nini?"

"Ndio pekee ambao hawakula nyama yako," akajibu Jumbe. "Haya, mjukuu wangu, pembe ya tatu ya bibi yako iko wapi?"

Sikujua akashika upande mmoja, mwenzake Kheri akashika upande wa pili. Wakakimbia kama walivyofundishwa, mbio iliyonyooka, wakazipita pembe za Shebe wasizitazame, wakateremka bondeni huku upande na upande ukisogeleana, mpaka wakagongana vichwa, pu! wakaanguka kando ya chemchemi. Na pale walipoangukia palikuwa na shimo la pembe, bado bichi.

Jumbe akainama, akatia kidole shimoni. Hakumwuliza mzee hata mmoja. Mashavu akarudishiwa maji yake, na ukanda wa upande wa njia juu yake. Watoto nao wakawa kila wakipita kwa Shebe wanahesabu pembe za nyumba yake kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, hadi akaibomoa akajenga msonge wa mviringo, wasipate cha kuhesabu.

Na tangu siku hiyo mkunjo huitwa pembe, hata pasipokuwa na mbuzi. Umbo kama shamba la Mashavu ni pembetatu, na duara halina pembe, kama nyumba ya mtu aliyeona haya. Na tangu siku hiyo mtoto hufundishwa maumbo kwa kidole kabla ya mdomo. Basi ukimkuta mjukuu wako anapapasa meza akihesabu pembe zake, usimharakishe. Mwache amalize. Pengine kuna mtu amekata moja.