Tangi Jekundu la Marehemu Yonazi

Jumatatu, tarehe 4 Aprili 2016, Sifueli Yonazi Mchomvu, mwendesha mitambo mstaafu wa idara ya maji, alifungua banda lililokuwa nyuma ya nyumba yake huko milimani Usangi, akawafukuza kuku, akaikokota nje pikipiki ya marehemu baba yake. Mtu huyu, basi, alikuwa na pikipiki isiyokuwa na tangi la mafuta.

Ilikuwa pikipiki ya Kijapani ya mwaka 1972. Enzi zake ilijulikana kwa mlio kuliko kwa rangi, kwani mwinjilisti Yonazi alipopanda nayo kwenda kuhubiri, akina mama waliokuwa mashambani walitua majembe na kusema ibada imekaribia. Sasa kuku walikuwa wametagia kitini, panya walikuwa wamezaa ndani ya taa, na spoki zilivunjika zilipoguswa. Mahali pa tangi palikuwa wazi. Bomba la fremu lilionekana juu kama uti wa mgongo wa ng'ombe aliyekonda.

Tangi hilo halikuibwa wala halikuoza. Siku chache kabla ya kufa kwake, mwinjilisti Yonazi alisema mbele ya watu wa ukoo sentensi moja tu kuhusu mali yake: "Pikipiki wagawane wanangu." Wanawe wa kiume walikuwa wawili, Sifueli na mdogo wake Zefania. Jumamosi, tarehe 14 Juni 1997, siku ya kuanua matanga, ukoo ulikaa ili kuitimiza sentensi hiyo. Sasa, neno kugawana lina milango miwili. Watu wawili hugawana muwa, nao wasipoukata hawakugawana. Watu hao hao hugawana kitanda, nao wakikikata hakuna atakayelala. Wakubwa wa ukoo walikuwa bado wakijadiliana ni mlango upi marehemu aliukusudia, na Zefania alikuwa amekwisha kupendekeza kwamba wapokezane wiki kwa wiki, wakati Sifueli, aliyejiona mzaliwa wa kwanza asiyestahili kupangiwa zamu, alipoinuka kimya, akaenda kuchukua spana. Alifungua bolti, akaling'oa tangi, akalitua miguuni pa mdogo wake.

"Haya," alisema. "Tumegawana."

Baadhi ya watu walicheka wakidhani ni utani. Zefania hakucheka. Alilipakata lile tangi jekundu kama mtu apakatavyo mtoto aliyelala, akavuka bonde kwenda kwake. Tangu siku hiyo ndugu hao wawili walikutana misibani tu, tena kila mmoja akichagua upande wake wa kaburi.

Miaka ikapita. Mwaka 2016 Nakijwa, binti wa pekee wa Sifueli, aliyekuwa mtoto wa kubebwa siku ile ya matanga, akachumbiwa, na ndoa ikapangwa kufungwa Jumamosi, tarehe 27 Agosti. Katika nyumba ya Yonazi palikuwa na desturi moja isiyokuwako kwingine. Binti alipoolewa, hakwenda kanisani kwa miguu wala kwa gari. Alipandishwa pikipiki hiyo, akakaa upande nyuma ya baba yake mdogo, na baba yake mzazi akawangoja mlangoni pa kanisa, ambalo liko juu kabisa ya mteremko. Ndivyo walivyoolewa mashangazi wote wa Nakijwa.

"Na mimi nitapanda nini, baba?" Nakijwa aliuliza jikoni, akimenya ndizi. "Bodaboda?"

Alisema kwa kucheka. Lakini Sifueli aliondoka jikoni bila kumaliza chai yake, kwa maana alielewa kwamba binti yake hakuulizia pikipiki peke yake. Pikipiki ile ilihitaji tangi, na desturi ile ilihitaji baba mdogo. Vyote viwili vilikuwa ng'ambo ya bonde, katika nyumba moja.

Kulikuwa na njia mbili mbele yake. Moja ilikuwa kuvuka bonde na kusema neno. Nyingine ilikuwa kuitengeneza pikipiki yote kwa mikono yake mwenyewe, pamoja na kile kisichokuwapo, na kumpeleka binti yake yeye mwenyewe. Ile ya kwanza ingemchukua asubuhi moja. Alichagua ya pili.

Wala haitakuwa haki kusema kwamba hakuwa hodari. Injini ilikuwa imejamu, pistoni imeshikamana na silinda kama ulimi ulioshikamana na kaakaa. Aliitia mafuta ya taa kupitia tundu la plagi, akaiacha, akairudia, akaitia tena, hata asubuhi moja aliposukuma gurudumu pistoni ikasogea kidogo, naye akaita watu wa nyumbani waje kuona jambo ambalo halikuonekana. Alishusha injini, akaisambaza juu ya meza ya kulia chakula, na familia ikala mikekani. Alibadili ringi, akasafisha kabureta kwa unyoya wa kuku wale wale walioichafua pikipiki. Breki alizipata za pikipiki za Kihindi, akazikwangua kwa tupa hadi zikakubali kuingia mahali pasipokuwa pao.

Kisha akaanza kuipamba, na hapo ndipo fahari ilipomwingia. Aliipaka fremu rangi ya kijani kibichi. Alishona kiti kipya kirefu chenye sponji nene, kipana upande mmoja, ili gauni la bibi harusi lipate kutandazika. Chini ya kiti alichomelea kibao cha chuma cha kuwekea viatu vyeupe, na ubavuni akafunga kikingio cha wavu ili shela isiingie kwenye spoki. Hakuna kiwanda huko Japani kilichopata kufikiria mambo hayo. Majirani walipopita walisimama kutazama, naye akajifanya hawaoni.

Mwisho akatengeneza tangi. Alikata bati nene, akalikunja, akalichomelea, akalipaka rangi nyeusi yenye mistari ya dhahabu. Lilikuwa jembamba na bapa, kwa kuwa hakuwa na kipimo cha lile la zamani, na kipimo chake hakutaka kwenda kukiuliza. Alilifunga, akatia petroli, akapiga kiki. Pikipiki ikawaka. Mlio wa mwinjilisti Yonazi ukasikika tena milimani, na yasemekana bibi mmoja alitua jembe.

Sifueli aliiendesha uwanjani, ikaenda. Akaiendesha barabarani hadi dukani, ikaenda. Akageuza uso wake kuelekea kanisani. Katika kona iliyo chini ya shule, pale barabara inapoanza kusimama wima, injini ilikohoa mara moja, ikakata. Alirudi nyuma, akaiwasha, akapanda tena. Ikakata pale pale. Alihamisha koki kutoka mbele kwenda nyuma ya tangi, akanyoosha mpira wa petroli, akainua tangi kwa vipande vya mbao, akajaribu tena wiki nzima. Kwenye tambarare pikipiki ilikimbia kama mpya, lakini ilipopanda ilikata. Sababu aliijua vema, kwa kuwa maji na petroli hufuata sheria moja, na maji ndiyo yaliyompa mkate maisha yake yote. Tangi lake lilikuwa limekaa chini mno. Mbele ya mlima, lile lililopaswa kulisha likawa halina kimo cha kutosha kumlisha yeyote.

Jioni ya Jumatano, tarehe 24 Agosti, aliisukuma pikipiki hadi nyumbani, jasho likimtiririka, watu wakimpa pole njiani. Mkewe Namkunda alikuwa anachambua mchele wa harusi. Alimtazama, akalitazama tangi.

"Baba Nakijwa," alisema, "hilo tangi lako linakunywa petroli au linakunywa kiburi?"

"Lile jingine alishaliuza," Sifueli alisema. "Watu wameliona kwa wanunuzi wa vyuma chakavu."

"Watu gani?"

Hakuwa na jina la kutaja. Namkunda akarudi kwenye mchele wake. "Basi nenda ukalikose mwenyewe," alisema, "tujue moja."

Alhamisi, tarehe 25 Agosti 2016, kulipokucha, Sifueli alishuka bondeni, akavuka kijito, akapanda upande wa pili. Miguu ilikuwa mizito kwa sababu ya jambo alilolijua tangu zamani, ambalo kazi ya miezi yote hiyo ilimsaidia asilitazame. Aliyeshika spana siku ile alikuwa yeye. Kama tangi limeuzwa, aliyeliuza kwanza alikuwa yeye. Na kama mdogo wake atamfungia mlango mbele ya majirani, hatakuwa na la kusema, na Jumamosi binti yake atakaa nyuma ya mtu wa kukodi.

Zefania alikuwa anakata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba. Alipomwona kaka yake alinyooka taratibu. Hawakusalimiana. Sifueli alivua kofia. Alikuwa ameandaa maneno tangu bondeni, kuhusu desturi ya nyumba na heshima ya ukoo, yote yakamponyoka.

"Mdogo wangu," alisema, "nilikosa. Siku ile ya matanga, nilikosa. Nakijwa anaolewa keshokutwa, na hana baba mdogo."

Zefania aliweka mundu chini, akaingia ndani. Sifueli alisimama uani na kofia yake mkononi. Alisikia kitu kikiburutwa uvunguni mwa kitanda. Alisikia mlango wa ndani ukifunguliwa. Kisha akasikia sauti ambayo mtu aliyefanya kazi ya mitambo hawezi kuikosea: mafuta yakicheza ndani ya chuma kizima.

Zefania alitoka amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge. Alikifungua. Tangi lilikuwa jekundu vile vile, na ubavuni lilikuwa na kile kibonyeo cha mwaka 1979, wavulana wawili walipoiangusha pikipiki ya baba yao wakigombania nani akae mbele. Zefania alifungua kifuniko, akamwonyesha. Ndani kuling'aa. Kila ilipofika Juni, alimwaga mafuta ya zamani akatia mapya, akalitikisa, akalifunga tena, ili kutu isipate pa kuanzia.

"Baba alisema tugawane, kaka," alisema. "Hakusema tuifungue."

Sifueli aliketi juu ya majani ya ng'ombe. Kitu kilichokuwa kimemkaza kifuani tangu mwaka 1997, ambacho alikuwa amekizoea hata akadhani ndivyo kifua cha mtu kilivyo, kililegea, akavuta pumzi hadi chini kabisa. Zefania aliketi kando yake. Walikaa hivyo, tangi likiwa katikati yao, hata mke wa Zefania alipochungulia na kuuliza kama wageni siku hizi hukaribishwa kwenye chakula cha ng'ombe.

"Nasikia umeipaka kijani," Zefania alisema walipokuwa wanakunywa uji.

"Kijani kibichi. Na kiti nimeshona mwenyewe."

"Na tangi jeusi. Nimelisikia hilo nalo." Alitikisa kichwa. "Jeneza tupu. Ungempeleka mtoto kuolewa au kuzikwa?"

Sifueli alicheka hadi uji ukampalia. Walilibeba tangi pamoja kuvuka bonde, wakalifunga siku hiyo hiyo, kwa bolti nne zilezile, ambazo Sifueli alikuwa amezitunza ndani ya kopo bila kujiuliza ni kwa nini. Hawakulipaka rangi. Lilibaki jekundu juu ya fremu ya kijani, na kibonyeo chake kikitazama barabarani.

Jumamosi, tarehe 27 Agosti, Sifueli alisimama mlangoni pa kanisa amevaa suti. Wageni walikuwa wakizungumza, kwaya ikijaribu sauti, lakini yeye alikuwa anasikiliza chini. Mlio ulianza mbali, ukapita dukani, ukafika kwenye kona iliyo chini ya shule. Hapo ukashuka kidogo. Sifueli alishika fremu ya mlango. Akina mama wa kwaya wakanyamaza bila kuambiwa. Kisha gia ikabadilika, mlio ukakaza, ukaendelea kupanda, ukaja ukikua hata Zefania akatokeza juu ya kilima, mgongo umenyooka, na nyuma yake Nakijwa amekaa upande, gauni limetandazika kwenye kiti kipana, viatu vyeupe juu ya kibao cha chuma, akipunga mkono kama mtu aliyezaliwa kwenye pikipiki.

"Mbona unalia, Baba Nakijwa?" Namkunda alinong'ona. "Bado hata hajaolewa."

Mwenye kusikia mfano huu na ajiulize ni bolti zipi alizozifungua yeye, na zimo katika kopo gani.

Lakini lipo jambo moja la kusahihishwa. Mzee mmoja wa kanisa la mtaa wa chini hupenda kusimulia habari hizi, na husema kwamba pikipiki ndiyo iliyowapatanisha ndugu hao, siku ya harusi. Sivyo. Jumamosi, tarehe 27 Agosti 2016, pikipiki ilibeba mlimani watu waliokwisha kupatana. Walipatana Alhamisi, tarehe 25, siku ambayo pikipiki ilikuwa imesimama uwanjani kwa Sifueli na tangi lisiloweza kupanda, na mwenyewe alikuwa amekwenda kwa miguu.