Msasa Haujui Jina

Kitendawili!

Tega, mnasema. Haya: nikiwa mchafu nasema, nikioshwa sana nakuwa bubu. Mimi nani?

Sufuria? Siyo. Mtoto mchanga? Mtoto mchanga akioshwa analia, Seuri, hawi bubu. Mmeshindwa, nipeni mji. Mnanipa Same? Same kuna joto, lakini napokea, sokoni kwake nitapata vitunguu. Basi nimekwenda Same, nimekula, nimerudi. Jibu nimelificha humu ndani ya hadithi, atakayekuwa macho ataliokota.

Asubuhi mjomba wenu alimkuta Seuri anasugua kile kigoda cha zamani kwa karatasi ya msasa, akapiga kelele, "Wewe! Msasa haujui jina!" Mkaja mbio kwangu kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Msasa haujui jina ni methali, na wengi wanaoitumia hawajui ilikozaliwa. Mimi najua, maana ilizaliwa nikiwa nimesimama pale pale, kwetu milimani Upareni, mwaka niliochumbiwa. Mwanzo wake ni huu.

Babu yangu Senzighe alipofariki, baba yangu Kiangi alirithi nyumba na kila kilichokuwa darini. Siku moja akapanda kuangalia, akashuka na kitu kilichofungwa kwa ngozi ya mbuzi. Ilikuwa bastola ya zamani, ile yenye mduara wa kati unaozunguka na matundu sita ya risasi. Lakini mduara ulikuwa umegandamana, chuma chote kimeliwa na kutu, na mpini wake wa mbao umekuwa mweusi kwa moshi wa jikoni.

Babu hakuwahi kuisema bastola hiyo. Mnajua tena, mtu akifa akiwa kimya, wanaobaki humsemea. Baba akaanza kusimulia kila alipokaa kwamba babu alimnyang'anya afisa wa Kijerumani katika vita vya kwanza, mkono kwa mkono. Kila akinywa pombe ya miwa, yule afisa alizidi kurefuka.

Habari zikamfikia Mzee Kajiru. Huyu ndiye aliyekuwa baba wa mchumba wangu, na posa ilikuwa imeshaletwa. Akaja nyumbani, akakataa kukaa.

"Kiangi," alisema, "kaka yangu Mrindoko na baba yako walichukuliwa siku moja kuwa wapagazi wa Wajerumani. Baba yako alirudi. Kaka yangu hakurudi, na mpaka leo sijui alipolala. Sasa nasikia kwenu kuna bastola. Sikusingizii. Lakini mwanangu hataoa katika nyumba hii mpaka niambiwe ilitoka wapi."

Baba akacheka kwa hasira. "Nitaisafisha uione! Jina la huyo Mjerumani litatokea hapo hapo, utaona aibu."

Mimi nikabaki nimeshika mlango. Nilikuwa nampenda yule kijana, msicheke.

Kesho yake baba aliiloweka bastola katika mafuta ya taa, akaisugua kwa mchanga na ndimu mpaka chuma kikaanza kumeta. Kisha akaenda bondeni kuchuma majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa paka, ambayo mafundi walilainishia mbao kabla ya hizi karatasi za dukani. Akayatumia kwenye mpini. Palikuwa na mikwaruzo mikwaruzo juu ya ubao, akaiona ni ubovu, akaisugua mpaka ubao ukawa laini kama shavu.

Bibi yangu Nakiete, mama yake baba, alitoka kuanika maharage, akamkuta. Akasimama akitazama yale mavumbi ya mbao magotini kwa mwanawe.

"Kiangi," akasema, "unauliza au unafuta?"

"Mama, haya mambo ya silaha tuachie sisi wanaume."

Bibi aliinua ungo wake akaingia ndani, na maharage akayasahau juani.

Siku ya soko baba akaipeleka bastola kwa mhunzi Mavura ili alegeze ule mduara na kuisoma asili yake. Mzee Kajiru aliitwa awe shahidi. Sisi wanawake hatukuruhusiwa kuukaribia moto wa mhunzi, lakini bibi alinishika mkono tukafuata, tukasimama nje ya ua wa masale. Mnayaona masale, majani yale marefu tunayopanda mipakani na makaburini. Bibi akakata jani moja, akalifunga fundo, akalishika.

Mavura alikuwa na mwiko wake. Hakupiga nyundo chuma cha marehemu mpaka mrithi ajibu swali: kimetoka wapi? Aliuliza mara tatu. Ukishindwa ya tatu, unarudi nacho kwako na kisirani chake.

"Kimetoka wapi?"

"Kwa afisa wa Kijerumani," baba akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Baba yangu alimnyang'anya."

Mavura akaigeuza bastola kwenye mwanga. Penye shingo ya chuma palikuwa na muhuri mdogo uliozama sana, mchanga na ndimu havikuufikia.

"Taji hili nimeliona kwenye bunduki za Waingereza," alisema. "Mjerumani alitembeaje na bastola ya adui yake? Kimetoka wapi?"

Baba akapunguza sauti. "Basi... labda aliinunua."

"Mpagazi?" Kajiru akadakia. "Alilipa nini, malengelenge ya mabega?"

Mavura hakucheka. Alikuwa anapapasa mpini. "Ubao huu umesuguliwa juzi juzi tu. Nani kausugua?"

"Mimi. Ulikuwa na mikwaruzo."

"Ya namna gani?"

"Aa, mistari tu. Mitatu imesimama, na kama jicho la ng'ombe pembeni."

Mzee Kajiru aliinuka ghafla, mkongojo ukamponyoka. "Hiyo ni alama ya nyumba yetu! Ndiyo tunayochonga kwenye mizinga yetu ya nyuki! Bastola ilikuwa ya kaka yangu, Kiangi. Baba yako alimuua akaichukua, na wewe umefuta ushahidi!"

Baba alitazama viganja vyake kama si vyake.

Mavura akauliza mara ya tatu, polepole. "Chuma hiki kimetoka wapi?"

Baba akatikisa kichwa. Nikajua hapo posa yangu imekufa.

"Shemeji Kajiru."

Watu wote waligeuka. Bibi Nakiete alikuwa ameuvuka ua, bila kujali ule mwiko wa wanawake. Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita Kajiru shemeji.

"Kabla ya Senzighe, mimi nilikuwa mchumba wa Mrindoko," akasema. "Wewe ulikuwa mdogo, hukuambiwa. Mrindoko aliwatoroka Wajerumani, akaenda kubeba mizigo ya Waingereza. Bwana wake akafa kwa homa porini, naye akabaki na bastola. Akarudi kwangu anatambaa, anaharisha damu. Senzighe alikuwa ametoroka kabla yake. Tulimuuguza sisi wawili shambani, tukamficha, maana nyumba zilizoficha watoro zilichomwa moto. Mwenyewe alichonga alama ile kwa kisu, akasema, 'Ndugu zangu wakiiona watajua nilifika nyumbani.' Akafa. Tukamzika. Baadaye Senzighe akanioa, na hapo tukaogopa kusema. Nani angeamini kwamba hakumuua rafiki yake ili anichukue? Tukasema alama ipo, siku moja itatusemea."

"Maneno matupu," Kajiru akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Mkononi ana bangili ya shaba aliyovishwa na mama yenu. Imepasuka kwa ndani, ilikuwa ikimkwaruza, mama yenu akaizungushia uzi wa katani. Tulimzika nayo."

Mzee Kajiru akakaa chini mavumbini.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Masale yale mpakani, kati ya shamba lako na letu. Ulidhani nayapalilia kwa sababu ya mpaka?"

Akamnyooshea lile jani lenye fundo. Kwetu anayeletewa jani la masale ameombwa msamaha, na kulikataa ni jambo zito sana. Kajiru alikaa nalo kitambo magotini. Kisha akalifunga kwenye mkongojo wake.

Mavura aliutia mduara mafuta na joto, ukazunguka, kak, kak, kak. Baadaye chuma kilipelekwa polisi, kikabaki huko. Mpini alipewa Mzee Kajiru, akachonga alama upya, ingawa alisema mkono wake si mkono wa kaka yake. Na mimi niliolewa na babu yenu.

Lakini kabla hatujatoka kwa mhunzi siku ile, baba alimwendea mama yake. Vumbi la ubao lilikuwa bado limo ndani ya kucha zake.

"Mama, siku ile uliniuliza. Nilikuwa nafuta," akasema. "Msasa haujui jina."