Siri ya Kitabu cha Nusura

Bwana Shekilindi, mwenye duka pekee la vitabu pale mjini, alijua kuvipangia vitabu bei lakini kuvisoma hakuwahi. Nusura alipompelekea nakala za kitabu chake cha kwanza, hakukifungua hata jalada.

"Kuuza nitauza," alisema. "Kukitangaza ni kazi nyingine, dada. Unilipe kwanza."

"Usikitangaze, kaka yangu!" Nusura akashtuka, akachungulia mlangoni. "Tena nakuomba, asijue mtu. Humu ndani nimemwandika mtu wa mtaa huu huu, na jina lake nimelitaja."

"Nani?"

"Wee! Unanitafutia kesi? Vifiche huko nyuma, na mdomo wako uufunge."

Shekilindi akaapa. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kumnong'oneza kinyozi, muuza kahawa na mama ntilie, kila mmoja akiapishwa asimwambie mtu. Jioni duka lilifurika watu, kila mtu akitaka kuhakikisha kwamba aliyeandikwa si yeye. Vitabu vikaisha vyote.

Kesho yake wateja wale wale wakawa wanapita dukani, wanamtazama Shekilindi, wanaangua kicheko. Yakamshinda. Akaenda mbio hadi kwa Nusura.

"Hebu niambie, ni nani huyo uliyemwandika?"

"Kaka yangu, umeuza vyote na hukusoma hata kimoja?"

Nusura akampa nakala yake mwenyewe, akamfungulia ukurasa wa mwisho. Shekilindi akasoma:

"Namshukuru Bwana Shekilindi wa duka la vitabu, aliyekitangaza kitabu hiki mji mzima bila kudai hata senti."