Mshale Uliotembea Peke Yake

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime kwanza, maana balaa lenyewe lilianzia kwenye simu.

Huko Tukuyu walikuwepo watu watatu. Bi Tumpe alijaliwa macho. Ukibadilisha pazia tu, yeye ndiye wa kwanza kuuliza. Gwamaka, fundi wa kompyuta pale sokoni, alijaliwa utulivu. Hata paa liwake moto, yeye ataongea polepole. Na Lugano alijaliwa wasiwasi. Msicheke, wasiwasi nao ni kipaji.

Lugano alikuwa binti wa Mwalimu Sekela, mstaafu na mjane. Mumewe, Mzee Ambakisye, kabla ugonjwa wa koo haujamzidi, alijirekodi kwenye kompyuta ya nyumbani akiwasimulia wajukuu hadithi. Kila asubuhi Mwalimu alimsikiliza huku akimenya ndizi. Lugano, kwa wasiwasi wake, alizinakili hadithi zote kwenye flashi. Mama yake akamtania, "Unamweka baba yako akiba kama mbegu?" Na flashi yenyewe akaiacha imechomekwa kwenye mashine ileile.

Asubuhi moja simu ikalia. "Shikamoo, mama," ikasema sauti ya kijana. Mwalimu akaitikia marahaba, na hapo ndipo alipoteleza. Kwake yeye, mtu akishakuamkia nawe ukamwitikia, amekuwa mwanao. Kijana akaulizia afya, mvua, migomba. Ndipo akasema anatoka kampuni ya kompyuta, mashine ya mama imeingiwa na virusi, naye ataitengeneza akiwa hukohuko aliko. Mwalimu akapakua programu aliyotajiwa, akamsomea na tarakimu zilizotokea.

"Sasa usiguse kitu, mama, wala usikate simu. Niachie mwanao."

Mwalimu akamshukuru, akarudi kwenye ndizi zake.

Bi Tumpe, jirani, akapiga hodi kuazima ungo. Hata kiti hakukalia. "Mwalimu, mikono yako iko kwenye ndizi. Hicho kimshale kinachotembea kwenye kioo anakiendesha nani?"

"Kijana mmoja ananitengenezea."

"Mbona anafuta?"

Mwalimu akatazama. Hadithi za mumewe zilikuwa zinatoweka moja moja.

Bi Tumpe akampigia Gwamaka kwa simu yake. "Msibishane naye," Gwamaka akasema. "Kateni simu yake. Chomoeni waya wa intaneti, ule wa kijivu, nyuma ya kiboksi chenye taa. Taratibu, mama zangu. Kisha zimeni mashine." Mwalimu akauvuta. Kimshale kikasimama.

Gwamaka akaja amelowa mvua, akaisafisha mashine, akamsimamia Mwalimu kubadilisha nywila zote na kuwaarifu watu wa benki. Kwenye kompyuta haikubaki hadithi hata moja. Wezi wa namna hiyo hunakili vitu vya watu, huvifuta, kisha huwauzia wenyewe. Kwenye flashi mwizi alikuwa amekwisha kuingia, ila alikuwa hajafuta kitu.

Jioni Lugano akapata habari, akafika kutoka Mbeya alikokuwa. Mama hakuweza kumtazama. "Nimemfungulia mwizi mlango wa baba yako," alisema. Lugano akamkumbatia, wakaifungua flashi kwenye mashine ya Gwamaka, Bi Tumpe naye akiwepo.

"Sekela," ikauliza sauti ya Mzee, "hiki kitu kimeanza kurekodi?"

Mwalimu akalia bila kujificha.

Alipotulia akaingia chumbani, akatoka na koti la sufu la marehemu. Kwa miaka minne ndugu walikuwa wakiliomba, akawakatalia. "Leo linatoka, kwa aliyeniokolea sauti hii," akasema. "Ila ni moja, na silikati vipande. Nawe Lugano usiseme ni lako kwa kuwa ni mwanangu."

"Mimi nilikuja kuazima ungo tu," akasema Bi Tumpe.

"Mimi nilitaja waya, aliyeuvuta ni Mwalimu," akasema Gwamaka.

Lugano alikuwa ameushika mkono wa koti la baba yake.

Sasa mnisikilize. Asingeona Tumpe, mwizi angemaliza na flashi. Asingejua Gwamaka, wangebaki kutazama. Asingehangaika Lugano, flashi yenyewe isingekuwepo. Yeyote kati yao angekosekana, Mwalimu asingeisikia tena ile sauti ikimwita kwa jina.

Mvua ya Tukuyu haijakatika, wote watatu wanatetemeka kwa baridi, na Mwalimu amesimama na koti mkononi. Haya, wewe ungemvisha nani?