Nyani Muuza Makufuli

Hodi, hodi, ngano iko mlangoni.
— Ipite, ikae.
Ina mkia, ina meno.
— Ipite hivyo hivyo.

Basi, palikuwa na mji wa wanyama, na mtaa mmoja wa mji huo uliingiwa na wizi wa ajabu. Watu waliibiwa mchana, jua la utosi, wakiwa wamekwenda msibani au harusini.

Bata, fundi cherehani, alirudi kutoka msibani. Mlango umefungwa. Kufuli linaning'inia. Akafungua, ndani peupe. Cherehani hamna, vitambaa vya wateja hamna.

Kobe, mwenye duka la nafaka, alirudi kutoka harusini. Mlango umefungwa. Kufuli linaning'inia. Akafungua, ndani peupe. Hata pishi ya kupimia haipo.

Majirani wakakaa chini kushauriana. Ndipo Nyani akasimama. Nyani huyu alikuwa fundi wa mtaa: makufuli anauza yeye, nondo za madirishani anafunga yeye.

"Jirani zangu, mwizi tunaye hapa hapa," akasema. "Ni Panya. Mwizi gani mwingine mnamjua?"

Wote wakamgeukia Panya. Panya akaapa, akalia, hakusikilizwa. Akaambiwa ahame kabla ya Ijumaa, la sivyo nyumba yake itachomwa moto. Kisha wakapanga foleni kwa Nyani, kununua makufuli makubwa zaidi.

Kindi, jirani yake Panya, mdogo kama ngumi, hakupata raha. "Panya akiiba hutoboa," akawaza. "Hapa hakuna tundu hata moja. Huyu mwizi anafungua, anaiba, kisha anafunga. Basi ana ufunguo."

Nani mwenye ufunguo wa kila nyumba?

Kesho yake akaenda kwa Nyani. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Bi Kindi."

"Nataka kufuli lako zito kuliko yote, na nondo ambazo hata Tembo hawezi kuzing'oa. Nimejaza korosho mpaka darini, nami Alhamisi nakwenda kumwoza mpwa wangu."

"Korosho za kuchoma?" akauliza Nyani, udenda ukimtoka.

"Za kuchoma, Fundi."

Nyani akafunga nondo: ko, ko, ko. Akamkabidhi kufuli na ufunguo wake.

Alhamisi Kindi akajitanda kanga, akaaga mtaa mzima. Kisha akazunguka nyuma, akapanda juu ya paa, akajibanza kimya.

Jua la utosi, Nyani huyo, gunia begani. Akatoa ufunguo. Kacha. Kufuli likafunguka, akaliacha likining'inia kwenye pete, akaingia. Chakacha, chakacha, korosho zinaingia guniani, nyingine kinywani.

Kindi akateremka, akarudisha mlango, akabana kufuli. Kacha.

Nyani akasukuma mlango. Haufunguki. Ufunguo anao mkononi, lakini tundu la ufunguo liko nje. Akakimbilia dirishani, akavuta nondo alizozifunga mwenyewe. Hazitikisiki.

"Bi Kindi, nifungulie. Nilikuja kukagua kufuli tu."

"Nitafunguaje, Fundi? Ufunguo wangu nimeuacha harusini. Nipitishie huo wako."

Kwa kuhaha Nyani akapitisha chini ya mlango funguo zake zote, zilizotungwa kwenye waya mmoja. Chwale, chwale.

Kindi hakufungua. Akaita majirani. Bata akachukua ufunguo mmoja, mwingine, wa tatu, akijaribu mlangoni kwake. Kacha. Kobe akajaribu kwake. Kacha.

"Nilimpikia chai," akasema Bata polepole. "Siku aliyokuja kunipa pole, nilimpikia chai."

Nyumbani kwa Nyani vikakutwa vyote, mpaka pishi ya Kobe. Nyani akafungwa kamba, akapelekwa kituoni.

Wakaenda kwa Panya kumwomba radhi. Wakamkuta njiani, godoro kichwani.

"Panya, rudi. Tumeujua ukweli."

Panya akawatazama. "Kesho mlikuwa mnanichomea nyumba," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyeniuliza siku zile nilikuwa wapi."

Akawapita, akaenda zake. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

Sasa fundisho lake, mlishike vizuri: ukiibiwa, mkamate Panya kwanza. Na ukitaka kufuli, nunua kwa Nyani. Makufuli yake ni imara kweli. Mwenyewe alijaribu moja kwa ndani, likamshinda.

Ngano imekwisha, mate yamenikauka.
— Kunywa maji, upumzike.