Trei ya Mayai Mapajani mwa Alhaji

Palikuwa na sultani mmoja pale Korogwe. Kilemba hana, askari hana, ana duka la tairi. Jina lake Alhaji Shebuge, na kanzu yake ilipigwa pasi mpaka ukipita karibu unaogopa kukatwa. Mashine ya kubalansi tairi, ile ya kuzisawazisha zisitetemeshe gari, mjini ilikuwa moja tu, yake. Darasani tuliita monopoly. Mtaani tunaita utafanyaje.

Sasa Alhaji akachoshwa na malalamiko. Akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: ANAYESEMA GARI LINATETEMEKA ATHIBITISHE HAPA HAPA UANI. AKISHINDWA, ASAINI KITABU CHA WALIORIDHIKA.

Na ua wenyewe? Hatua ishirini, ukutani hadi getini. Gari linatetemeka hasa likifika spidi themanini. Themanini uani kwa Alhaji utaipata ukishavunja ukuta na kuibukia jikoni kwa jirani. Basi watu wakasaini. Madereva wa malori wakasaini, mwalimu mkuu akasaini, hadi bwana mifugo. Kitabu kikajaa walioridhika, barabara ikajaa wanaotetemeka.

Asubuhi moja akaingia Semeni na kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo, nyuma kimejaa trei za mayai. Semeni alisoma uhandisi wa mitambo miaka minne. Aliwahi kuomba kazi kwa Alhaji huyuhuyo, akaambiwa hana experience. Akaenda kuuza mayai. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kurudi na tairi zilezile, na hoteli ya Segera, mteja wake mkubwa, ilishamwambia: ukileta tena mayai yaliyopasuka, ndiyo mwisho.

"Shikamoo, Alhaji. Usukani bado unacheza."

"Marahaba, binti. Gari linatetemeka wapi? Mimi naliona limetulia."

"Limesimama, Alhaji."

"Ahaa! Kwa hiyo likisimama halitetemeki. Tumeelewana. Kitabu kile pale."

"Linatetemeka likifika themanini."

"Hapa kwangu hakuna themanini."

"Fundi wako hakusafisha rimu. Kabandika risasi, vile vipande vya kusawazisha uzito, juu ya matope. Matope yakidondoka, yanaondoka na risasi yake."

"Mashine ilisoma sifuri."

"Mashine yako imekaa juu ya matofali mawili na kipande cha godoro."

"Ile ni ya Ujerumani!"

"Na godoro?"

Wateja kwenye benchi wakacheka, kisha wakakumbuka magari yao bado yamo ndani, wakanyamaza.

"Binti," Alhaji akasema, "tatizo lako umesoma sana. Saini uende."

"Nasaini. Tena nitaandika na sifa. Ila nithibitishie kitu kimoja. Umesema halitetemeki?"

"Halitetemeki."

"Mbele ya hawa?"

"Mbele ya hawa, na mbele ya mashine."

"Basi tutoke wote barabarani, upande wa Segera. Ukae mbele, kama boss. Upakate trei moja ya mayai, bila kufunika. Nyingine zibaki hapa benchi. Tukirudi mayai mazima, nasaini kurasa mbili."

"Na likitetemeka?"

"Mimi sitasema. Neno langu hapa halina uzito. Utasema wewe. Ukisema kwa mdomo wako, unafungua tairi zote nne na kusugua rimu kwa mkono wako."

Alhaji akaitazama kanzu. Akawatazama wateja. Wateja nao wakamtazama kwa heshima zote, ile heshima ya mtu anayesubiri kitu. Akataeje? Kukataa ni kukiri. Akapanda, akajiweka vizuri kwenye kiti cha mbele, akapakata trei kama mjukuu wa kwanza.

Wakatoka. Spidi arobaini, kimya. Alhaji akatabasamu.

"Unaona?"

"Naona, Alhaji. Bado safari."

Sitini. Meno ya Alhaji yakaanza kupeana mikono.

"Ba-ba-barabara mbaya hii."

"Lami mpya, Alhaji. Hata mistari haijakauka."

Sabini. Mayai yakaanza kusogeleana, ko, ko, ko, kama wageni wanaobisha hodi.

"Pu-pu-punguza, binti!"

"Kwani kuna kitu?"

"Ha-ha-hakuna!"

"Basi twende. Physics inaendelea."

Themanini. Dashibodi ikalia, kioo cha pembeni kikageuka kuangalia mbinguni. Yai la kwanza likaruka kama lina miadi. La pili likalifuata kuuliza kulikoni. La tatu likapasukia kifuani, kiini kikateremka polepole juu ya kanzu nyeupe, kikipita kifungo kimoja baada ya kingine.

"Simama!" Alhaji akapiga ukelele. "Simama! Gari lako linatetemeka! Wallahi linatetemeka!"

Semeni akaweka gari pembeni, akazima injini. Ukasikia ute tu unadondoka kwenye kapeti.

"Umesema mwenyewe, Alhaji."

"Nimesema! Tairi nitazifungua, rimu nitazisugua, mimi si mtu wa kugeuza neno. Lakini hii kanzu! Kanzu ya Ijumaa! Hii utanifulia wewe, maana gari lililoiharibu ni lako na linatetemeka!"

Semeni akashuka. Akakizunguka kirikuu taratibu, akagusa tairi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudi dirishani kwa Alhaji, akainama kwa adabu.

"Linatetemeka wapi, Alhaji? Mimi naliona limetulia."