Mwari Aliyepigiwa Ngoma

"Chunusi yupi, chunusi ipi? Uliza kabla ya ngoma." Mmeisikia leo methali hii mkacheka. Chekeni tu! Lakini ilikozaliwa, Mwatumu wa Pangani alikuwa analia.

Mwatumu alikuwa mwari, kafungwa ndani akingoja harusi yake ya Ijumaa. Somo wake, mwanamke aliyemfunda, alimsugua kwa liwa, ule unga wa mti wa manukato, bila huruma, kisha akampaka mafuta ya nazi mpaka uso ukang'aa kama sufuria. Asubuhi moja, akinawa kisimani uani, akajitazama kwenye kioo. Mashavu yote vipele!

"Chunusi! Jamani, chunusi!"

Bibi yake, Bi Mkasi, alikuwa ukumbini akipepeta mchele. Yeye alimjua chunusi mmoja tu, yule jini wa majini anayewavuta watu chini. Ungo ukamponyoka.

"Uuuwi! Mjukuu wangu kashikwa kisimani!"

Kufumba na kufumbua, wapunga pepo wakajaa uani na ngoma zao. Mwatumu akafunikwa kaniki, akafukizwa ubani, akapakwa mafuta mengine. Jasho likamtiririka, uso ukamwasha. Moyoni alimwaza Shaame, mchumba wake. Akimwona hivi si atamkataa mbele za watu?

"Nina chunusi tu!" alilia.

"Kasema mwenyewe!" Bi Mkasi akaruka. "Pigeni!"

Hapo akaingia shangazi yake, Ruzuna, muuguzi. "Hebu nyamazeni! Chunusi yupi, chunusi ipi? Mngeuliza kabla ya ngoma!"

"Si yeye, shangazi! Ni hizi za usoni!"

Ngoma zikakatika. Mpigaji mmoja akainama kuficha kicheko.

"Maskini mwanangu," shangazi akasema. "Basi acha mafuta, usisugue, usitumbue. Nawa taratibu asubuhi na jioni kwa sabuni laini. Dawa ya kupaka nitakuletea, ila huchukua wiki kadhaa."

"Wiki! Na Ijumaa je?"

"Ijumaa utatoka nazo."

Akatoka nazo. Shaame alipofunua shela, Mwatumu alifumba macho. Akasikia mtu anacheka polepole.

"Kumbe zako chache! Mimi nilidhani wewe ndiye utakayenikimbia."

Akafumbua macho. Kidevu cha Shaame chote chunusi! Mwatumu akacheka mpaka wanja ukamchuruzika. Vigelegele vikapaa.

Bi Mkasi akapenya katikati ya watu, akamkodolea macho bwana harusi. "Salaale! Huyu naye kashikwa! Ngoma ziko wapi?"

Wanawake wote wakamjibu kwa pamoja, na bibi harusi ndiye aliyepaza sauti kuliko wote:

"Chunusi yupi, chunusi ipi? Uliza kabla ya ngoma!"